Mistari Miwili Yenye Jina Langu

Kabla kompyuta haijafika Bariadi, pale kwa mnunuzi wa pamba nilipokuwa karani, daftari lilikuwa la wote. Mmoja akichoka, mwingine alishika kalamu na kuendelea, wala hakuna aliyeuliza huu ni mwandiko wa nani. Kompyuta ilipoletwa mwaka 1998, tukaendelea na mazoea yale yale. Tarehe tisa Julai, saa kumi na moja jioni, niliinuka, nikamwachia Danford kiti, mashine ikiwa bado imefunguliwa kwa jina langu. Danford alikuwa mlipaji wetu, na mwimbaji wa besi katika kwaya yetu. Mimi nilikwenda kanisani kusali peke yangu kabla ya darasa la jioni. Nilikuwa nimeanza kusoma uhasibu nikiwa na miaka arobaini na miwili, na mtihani ulinitisha.

Asubuhi ya tarehe kumi Julai nilikuta malipo ya kilo elfu moja na mia mbili za pamba ya Mashimba, mkulima wa Kiloleli. Mashimba tulimzika Februari. Mimi mwenyewe nilichota maji ya msibani. Malipo yalikuwa yamepostiwa, yaani yameingizwa kwenye hesabu, jana yake, saa kumi na moja na dakika ishirini. Mbele yake mashine ilikuwa imeandika jina langu: Philomena.

Nilimuuliza Danford. Akacheka, akasema huenda marehemu kavuna vizuri huko aliko. Kisha akaacha kucheka, akaniomba nisimwaibishe mbele ya wanakwaya, Ijumaa iliyofuata angerudisha fedha yote.

Nilijaribu kuufuta mstari ule. Mashine ilikataa. Darasani tulifundishwa kwamba muamala uliokwisha kupostiwa haufutwi, bali huandikwa mwingine wa kuugeuza, yaani kuubatilisha. Nikaugeuza, nikamshukuru Mungu, nikadhani mambo yamekaa sawa, imebaki Ijumaa tu.

Ijumaa Danford hakuja. Mtu alimwona Lamadi akipanda basi la kwenda mpakani.

Mkaguzi aliyetoka Mwanza, Constantine, alikuwa mtu mpole. Alichapa karatasi, akaniwekea mezani.

“Mayu,” akasema, akiniita mama kwa Kisukuma, “malipo umeyaingiza wewe. Umeyageuza wewe. Sandukuni fedha haimo. Nionyeshe Danford yuko wapi humu.”

Nilipitisha kidole kila mstari. Hakuwemo.

Nikamweleza habari ya kiti, na ya daftari letu la zamani. Akauliza nani aliniona kanisani saa ile. Kanisa lilikuwa tupu. Mlango nilikuwa nimeufunga mwenyewe, mbuzi wasiingie.

“Usingegeuza, ningekuuliza tu,” alisema, akikunja karatasi taratibu. “Lakini uligeuza, ukanyamaza. Kwa hiyo ulijua.”

Mtihani ulifanyika Jumamosi. Mimi nilikuwa mahabusu, nimekaa sakafuni na wanawake wawili waliokamatwa kwa gongo. Waliniomba niwaombee, maana walijua mimi ni mtu wa sala. Nilipiga magoti. Nikafika kwenye maneno “Bwana, wewe uliniona,” nikashindwa kuendelea. Wakangoja kidogo, kisha wakajilaza.