Viatu vya Susu Nthenya

Simu iliingia Nthenya akiwa ukumbini kule Leicester, anavua bandeji ya goti baada ya mazoezi. Alikuwa Anti Kavindu, dada ya babake, akipiga kutoka kijijini kwao Nuu, na kama kawaida yake hakupoteza salio kwa salamu.

"Mwaitu, Jumamosi utacheza?"

"Nitacheza, Anti. Nani amekuambia?"

"Hakuna mtu ameniambia. Susu ameitisha viatu."

Mwaitu ni mama. Kavindu alikuwa na wajukuu tayari, na Nthenya hakuwa hata na paka, lakini hakuna Mkamba angeona ajabu hapo. Msichana alipewa jina la susu yake, nyanya mzaa baba. Basi kwa watoto wa nyanya huyo yeye ni mama yao, awe amezaliwa Uingereza, awe Kiswahili chake kinachechemea, awe na nembo ya timu ya taifa ya Uingereza kifuani. Utotoni aliona ni mzaha mtamu: wanaume wenye mvi wakimwamkia kwenye simu kwa adabu na kumwuliza kama ameshiba.

"Viatu gani, Anti?"

"Raba. Kila ukitaka kucheza, zikibaki siku mbili tatu, anaitisha raba afungwe kamba. Sasa hata kuketi hawezi, daktari anasema moyo umechoka. Nakuomba, mwaitu. Usicheze. Kuja umwone."

Nthenya alikata simu akacheka peke yake. Kicheko kile hakikufika mbali.

Alikuwa amejifunza mpira wa vinyoya, yaani badminton, akiwa mtoto, katika ukumbi wa kanisa, kwa sababu wazazi walikawia kwenye maombi na watoto walihitaji kitu cha kuwatuliza. Kilichowatuliza wengine yeye kilimwasha. Akaingia timu ya vijana, kisha ya wakubwa. Akavaa jezi ya Uingereza Jakarta na Kuala Lumpur, akavishwa shaba kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, babake akilia hadharani bila aibu. Halafu goti likakatika Denmark katikati ya mchezo. Alipasuliwa, akafundishwa kutembea upya, na Jumamosi hiyo ndiyo ingekuwa mechi yake ya kwanza tangu aumie. Baada yake kulikuwa na majaribio ya timu ya ubingwa wa dunia, na mwanamke wa umri wake haitwi mara mbili. Akiyakosa, mchezo umekwisha.

Kocha alimruhusu kuikosa mechi ya Jumamosi kwa shingo upande. "Majaribio sikuahirishii," alisema. Nthenya akapanda ndege na raketi begani.

Nuu ilimpokea kwa vumbi na mbuzi. Susu alikuwa amelala chali chumbani, mdogo kuliko kwenye picha, blanketi limemfika kidevuni. Kwa chini, upande wa miguu, zilichomoza raba mbili nyeupe, kamba zimefungwa fundo mara mbili, na masikio ya fundo yamechomekwa ndani ya kiatu. Nthenya alizitazama sana zile kamba. Yeye ndiye hufunga hivyo. Kocha wake wa kwanza alimkaripia miaka nenda miaka rudi, asisikie.

"Umezifunga wewe, Anti?"

"Mimi? Ananielekeza. Nikikosea anarusha mguu."

Wakanywa chai mlangoni, na Kavindu akayamwaga yote. Alikuwa mama wa kanisa, mweka hazina wa kina mama, na yalimtoka kwa aibu kana kwamba anasema habari za mlevi wa ukoo. Ilianza Nthenya akiwa mtoto wa shule. Susu angeacha jembe shambani akaruka kinyumenyume kati ya mawele, mkono juu, akikung'uta hewa. Angefuta kiganja cha kushoto kwenye paja, mara mbili, kisha ainame kungoja kitu kisichokuja. Na alipiga kelele kwa Kiingereza, yeye asiyewahi kukalia dawati: "Mine! Mine!" Jirani mmoja alikuja na hati zake kuuliza ni shamba gani hilo mama anadai ni lake.

"Tuliita pasta. Tukakemea pepo ya kila aina. Inatii Jumapili, inarudi Jumamosi."

Nthenya hakuweza kucheka. Kiganja cha kushoto kwenye paja, mara mbili: hiyo ilikuwa tabia yake kabla ya kupokea mpira wowote, na "Mine!", yaani wangu, ndivyo alivyomwambia mwenzake amwachie mpira. "Na goti?" aliuliza.

"Alikuwa ameketi anachambua pojo. Ameketi tu, mwaitu! Akapiga nduru, akashika goti. Tukakimbia hospitali ya Mwingi, wakapiga picha, mfupa mzima kabisa. Lakini hajatembea tena."

"Goti gani?"

"La kushoto."

Nthenya aliliweka lake la kushoto chini ya meza ya chai, ingawa hakukuwa na mtu wa kumficha. Aliogopa. Tena aliona aibu, maana katika ile miezi ya kulala na kulialia alidhani maumivu yale ni yake peke yake.

Aliamua hapo hapo. Alirudi chumbani, akachuchumaa kando ya kitanda na kusema kwa Kikamba chake cha kuokoteza kwamba amekoma, hatacheza tena, Susu apumzike.

Bikizee alifungua macho. Hakuwa na macho ya mgonjwa.

"Nani amekutuma?" aliuliza. "Huyo Kavindu?"

"Nakuumiza, Susu."

"Sikia, wajina. Niliolewa hapa nikiwa msichana. Nimechota maji hapa, nimezaa hapa, nimezika hapa. Hata Mombasa sijaiona. Lakini nimeruka." Alitoa mkono kwenye blanketi. Vidole vilikuwa vimekunjwa kushika kitu, na dole gumba limelazwa bapa nyuma yake, vile mchezaji anavyoshika raketi akitaka kupiga kwa mgongo wa mkono. "Nani mwingine Nuu ameruka hivyo? Hilo goti nilililipa kwa hiari. Tangu ulale wewe, mimi ndio nakufa. Sasa toka nje ucheze, na usinichezee ki-mgonjwa."

"Mama, moyo wako!" Kavindu alipiga kelele.

"Ni wangu," Susu alisema.

Basi Nthenya akacheza. Jua la alasiri lilikuwa kali, uwanja umefagiwa, na mpinzani hakuwepo ila ukuta wa tangi la maji. Alianza kwa kusitasita, kinyoya kikigonga simiti na kurudi. Dirisha la Susu lilikuwa wazi. Kutoka ndani alisikia pumzi, na pumzi ile ilikwenda sawa na yake. Alipochelewesha pigo kwa makusudi, nayo ilisubiri. Nywele za shingoni zilimsimama. Lakini mwili ulishapata moto, na ni lazima isemwe kweli: alifurahi. Tangu Denmark hakuwa amecheza hivyo. Akakiinua kinyoya juu, akarudi nyuma hatua za haraka, akaruka, akakishindilia kwa nguvu zake zote. Ndani, kikongwe alicheka, kicheko cha msichana kabisa. Kisha kukawa kimya. Nthenya aliposhuka chini alijiona mzito, kama aliyekuwa amebebwa na mtu na sasa ametuliwa.

Kavindu alitokea mlangoni akiwa ameshika raba mkononi. Hakulia wakati huo. "Amekwenda," alisema. "Ametabasamu vibaya sana."

Walimzika nyuma ya nyumba, kwaya ikaimba, pasta akahubiri kuhusu kupumzika. Nthenya alimlilia Susu kwa uchungu ambao hakutegemea. Lakini baada ya mazishi, akikunja nguo zake, alijikuta anapiga mluzi. Goti halikuuma tena. Susu alikuwa ameomba mwenyewe, amelipa mwenyewe, na sasa hakuna wa kuumizwa tena. Alimpigia kocha simu: anarudi, na yuko tayari kuliko zamani.

Kurudi Nairobi walipitia Makueni, kwa sababu Kavindu hakukubali aondoke bila kupita Kalamba. Katunge, binti ya Kavindu, ameolewa huko, na alikuwa amejifungua wakati ule ule wa matanga. Ndege ilikuwa kesho yake, majaribio siku moja baadaye. Gari la kukodi lilisimama chini ya kivuli cha duka na dereva akalala.

Katunge alikuwa mchangamfu, mwili mnene wa uzazi, uji pembeni. Mtoto alikuwa amelala mapajani na soksi za sufu.

"Kwa hili joto?" Nthenya aliuliza.

"Usiniulize mimi! Tangu jana analia nikimvua. Anataka soksi, na anataka zivutwe mpaka zikaze. Ati ndio alale."

Kikombe cha chai kilisimama njiani kuelekea mdomoni kwa Nthenya. "Anaitwa nani?"

Mama na binti walitazamana kwa furaha ya watu walioficha zawadi. Kwa desturi, mtoto wa kike wa pili huchukua jina la nyanya mzaa mama, na huyu alikuwa wa pili. Alipaswa kuitwa Kavindu.

"Zamu ilikuwa yangu," Anti Kavindu alisema, "nikampatia mama. Sasa mko wawili tena, wewe na huyu. Msalimie wajina wako."

"Anti! Baada ya yale uliyoona?"

"Yale yalikuwa ya mzee na mambo yake ya zamani. Tumeyazika na yeye. Huyu ni wa kanisa, ataombewa."

"Mnaweza kumbadilisha jina?"

Uso wa Katunge ulikunjika. "Mama mkwe ameshamwita jina hilo mbele ya watu wote. Jina si sufuria ya kuazima, Nthenya. Kwani umekasirika?"

Hakuwa amekasirika. Alisema ana joto, akatoka, akapitia garini. Dereva alikuwa anakoroma. Alichukua raketi akaenda nyuma ya jiko, penye magunia ya makaa, na hapo akajikemea kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Soksi ni soksi. Watoto wachanga wana vituko. Yeye ni mwanamichezo, amesoma, hawezi kutupa maisha yake kwa ajili ya soksi.

Alizungusha kiwiko. Pigo dogo tu, la kukata kinyoya karibu na neti, hewani.

"Mama, njoo uone!" Katunge alicheka ndani. "Anapunga mkono akiwa amelala!"

Watoto wachanga hupunga mikono. Nthenya alijua hivyo. Alitaka kuwa na hakika, basi; hivyo ndivyo alivyojiambia, ingawa ukweli ni kwamba mwili wake ulitaka kuruka na ulikuwa unatafuta sababu. Alirudi nyuma, akapaa, akapiga. Akakanyaga kipande cha makaa aliposhuka, na goti la kushoto likapinda kidogo, uchungu mdogo wa kupita, ambao ukumbini asingeutaja hata kwa daktari wa timu.

Mlio uliotoka ndani haukuwa kilio cha njaa. Ulikuwa nduru.

Alipoingia, Katunge alikuwa amesimama anamtikisa mtoto, na Kavindu ameivua soksi ya kushoto. Kigoti kile, kidogo kuliko limau, kilikuwa kimekunjwa hadi tumboni na hakikutaka kunyooka. Kavindu alikigusa, mtoto akapaza sauti tena. Kisha macho ya Kavindu yakaenda kwenye raketi iliyokuwa bado mkononi mwa Nthenya. Polepole uso wa yule mama wa kanisa ukageuka majivu.

"Mwaitu," alisema kwa sauti ndogo. "Nimefanya nini?"

"Kitu gani?" Katunge aliuliza. "Mama, kuna nini?"

Nthenya aliweka raketi chini, sakafuni, akaomba apewe mtoto. Akaketi. Akapumua taratibu, akalilegeza goti lake, akalegeza mabega, akalegeza kila kitu alichofundishwa kukaza tangu utotoni. Mtoto akapunguza kilio, akashikwa na kwikwi, akanyamaza. Mguu ukashuka. Vidole vyake vikakutana na kidole cha Nthenya, vikakishika, na dole gumba, dogo kama punje ya mahindi, likalazwa bapa nyuma yake.

Simu ilitetemeka mfukoni. Ilikuwa kocha, na Nthenya aliiacha itetemeke mpaka ikachoka. Susu alikuwa ameomba kuruka. Susu alikuwa amesema lipi analilipia na kwa nini. Huyu hata kusema hajaanza, na mpaka aweze kuulizwa, Nthenya atakuwa mzee. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Jamani mnaniogopesha," Katunge alisema. Kisha, kwa sababu mtoto alikuwa ametulia na yeye alipenda mambo yawe sawa, akaongeza, "Mechi yako ni lini? Tutakuangalia kwa simu, mimi na wajina wako."

"Hakuna mechi," Nthenya alisema.

Alimrudisha mtoto, akaivuta ile soksi hadi ikakaza, akaaga. Raketi aliiacha pale pale sakafuni. Uani palikuwa na mteremko na vijiwe hadi garini, na aliushuka akitazama chini, akiuweka mguu wa kushoto kwa uangalifu kila hatua, kama mtu anayelaza mtoto asimwamshe.