Mlinzi wa Pili Hana Maneno

Kila Jumapili saa tisa alasiri, Mnong'onezi aliketi kwenye kigoda nyuma ya pazia la kushoto, miwani puani, kitabu cha mchezo magotini. Kazi yake ilikuwa kuwanong'oneza waigizaji maneno waliyoyasahau. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amewasitiri watu wengi ambao hata salamu walimnyima.

Mchezo wa msimu ule ulikuwa tanzia: wapenda haki wanamuua mfalme dhalimu. Ili wamfikie, kwanza wanamchoma kisu mlinzi wa pili, mlangoni. Mlinzi huyo hana neno hata moja. Kwenye orodha ya waigizaji aliwekwa chini kabisa, katika "wengineo".

Mnong'onezi alilijua neno hilo. Mwaka alipouawa dikteta wa kweli, gazeti liliandika: "Dikteta na wengineo wawili." Mmoja wa hao wawili alikuwa mwana wa Mnong'onezi, mlinzi wa lango, mwenye miezi miwili kazini.

Jumapili ya tatu mwigizaji wa mlinzi aliugua tumbo, na yule marehemu, mwana wa Mnong'onezi, akaja kushika nafasi. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akasaini daftari la mahudhurio, akavaa maleba. Mwongozaji alimwambia tu asiangukie zulia, ni la kuazima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda."

"Huko hakuna mpishi kama wewe."

Kisha akaingia jukwaani, akauawa. Damu ilikuwa yake mwenyewe. Mfua nguo alilalamika kwamba haitoki kwa sabuni. Ikawa hivyo kila Jumapili. Mama alimpata mwanawe kwa nusu saa, akampoteza, na ukumbi ukashangilia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huo ulimla mzimamzima.

Ikafika Jumapili ya mwisho. Baada yake ungeletwa mchezo mwingine, usio na mlinzi. Kiongozi wa wapenda haki aliinua kisu, akasahau. Alipaswa kusema, "Ni kwa ajili ya watu wote," ndipo achome. Akatega sikio upande wa pazia.

Mnong'onezi akafumba mdomo. Maadamu maneno hayajasemwa, mwanawe angali amesimama. Dakika ikapita. Mstari wa mbele, waheshimiwa waliomuua dikteta wa kweli na kurithi viti vyake wakaanza kukohoa. Kisu kilibaki hewani.

"Mama," mwanawe akanong'ona bila kugeuka, "mkumbushe mwenzangu. Anaadhirika."

"Na wewe je, baba?"

"Mimi sikuandikiwa kitu."

Ndivyo alivyokuwa tangu mdogo, hapendi kuona mtu akiaibika. Hata lango la dikteta alipewa kwa sababu ya adabu zake. Mama aliweka kidole kwenye mstari, akanong'ona, "Ni kwa ajili ya watu wote."

Kiongozi akayasema kwa sauti ya kujaa, vizuri kuliko siku zote. Waheshimiwa walisimama na kupiga makofi kabla mwili haujafika chini. Mama akafuta miwani, akafungua ukurasa uliofuata, kwa kuwa hotuba ya haki ni ndefu na huwa wanaisahau.