Ng'ombe wa Sanduku la Barafu

Papa Mardochée aliikazia macho ile nyama.

Kwa miaka thelathini alikuwa mkaguzi wa nyama kichinjioni. Nyama yenye madoa meupe ya minyoo ndani aliimwagia mafuta ya taa na kuifukia mwenyewe, huku wachinjaji wakimtukana yeye na ukoo wake wote. Leo, sebuleni kwake mtaani Nyalukemba, mbele ya jamaa wa pande zote mbili, mtu kamletea nyama iliyojaa nyuzi nyeupe za mafuta ukingo hadi ukingo, eti hiyo ndiyo mahari!

Mtu mwenyewe ni Gentil, mnunuzi wa dhahabu kutoka machimbo ya Kamituga, anayemtaka Valérie, binti pekee wa mzee. Walikubaliana ng'ombe jike, mzima, anayepumua. Gentil akaja na sanduku la barafu.

"Papa, ngombe ya muzima ingefika namna gani? Mu njia bangeiiba," alisema. "Hii iko wagyu, ngombe ya bei kali ya ngambo. Ilikuya na ndege mpaka Kigali. Inapita ngombe mbili za kwetu. Na ilikulaka majani tu, haina dawa hata kidogo."

"Kama ilikulaka majani tu, ile mafuta yote ilitoka wapi?"

Watu wakacheka. Mzee hakuwa anatania.

Katika ukoo wao mahari haikubaliwi kwa maneno. Baba huonja maziwa ya ng'ombe aliyeletwa, na akishameza, binti ameolewa. Asipomeza, wageni wanarudi kwao. Sasa sanduku halikamuliwi, kwa hiyo Gentil aliamua kwamba mzee ataonja nyama. Aliingia jikoni mwenyewe na viatu vyake vya kung'aa, akaikaanga dakika mbili kila upande, akaileta. Nje ilikuwa imeungua, ndani mbichi kabisa. Damu ilitambaa kwenye sahani na mafuta yalikwishaanza kuganda pembeni.

"Haiyaiva," alinong'ona Maman Séraphine, mke wa mzee.

"Njo inakuliwaka vile, Maman. Haiombe hata meno."

Valérie alikuwa amekaa mkekani, hapepesi macho. Ana miaka thelathini na sita. Amengoja miaka minne aolewe, na kila ng'ombe aliyeahidiwa ama aliibwa ama alikufa. Mzee alimtazama, akakata kipande, akakitia mdomoni kwa ajili yake.

Kikayeyuka kabla hajatafuna. Mafuta ya uvuguvugu yakamtanda ulimi wote, matamu, yenye harufu ya siagi, na kila alichowahi kukifukia kikamjia puani. Alijaribu kumeza. Hakikushuka. Akakitema sahanini.

"Hii siwezi," alisema, akijifuta ulimi kwa kiganja. "Nilitupaka nyama ya muzuri kupita hii. Mutoto yangu sitamutoa kwa muzoga!"

Tonton Bruno, msemaji wa upande wa Gentil, aliinuka na kuchukua kofia yake. Wenzake nao wakaanza kusogeza viti. Gentil alifunga sanduku lake kwa kishindo.

Ndipo Valérie alipoinuka. Alipenya katikati ya watu, akapiga magoti mbele ya baba yake, akakiokota kwa vidole kile kipande alichokitema, kimelegea, kina mate na damu, akakitia mdomoni. Maman Séraphine akafunika uso. Gentil akageukia ukutani.

Valérie alitafuna polepole. Hata yeye alikuwa anakinai. Mabega yalimruka mara mbili na machozi yakamtoka, lakini alibana midomo mpaka kikashuka.

"Imekuliwa, Papa," alisema. "Sasa uniache niende."

Bruno alikaa tena; kwa upande wao, mahari ilikuwa imemezwa.  Mzee alitazama mafuta yakimng'aa bintiye kidevuni, na kinyaa chote alichokuwa nacho kwa ile nyama akajionea yeye mwenyewe.