Mti Niliopewa Walakia

Usiku wa jana niliota nimeshuka Walakia, nchi ya yule mtawala wa kale wa Rumania aliyekuwa akitunga watu kwenye miti kama mishikaki. Nimevaa kanzu, kofia na kandambili. Mpakani pana kaunta, na kila mgeni anapewa mti wake na kusaini.

Wangu ulikuwa mdogo, urefu wa mwiko, umechongwa ncha asubuhi ile ile. Ukaniamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba," nikasema. Niliupenda kwa adabu yake.

"Habari za safari?"

"Nzuri."

Mti ukarefuka shubiri moja.

"Samahani, mzee," ukasema. "Umetapika mara mbili njiani. Hapa adhabu ya uongo ni kutungwa. Ukidanganya narefuka, na nikifika kimo chako tunakwenda kwa mkubwa."

"Lakini ile ilikuwa salamu tu!"

"Niliwauliza wakubwa kama salamu zina msamaha. Wakasema sheria haikuzitaja."

Basi natembea Walakia na mti begani, na bahati mbaya watu wa huko ni wakarimu kupita kiasi. Mwanamke anayeuza jibini ananiuliza habari za kazi. Safi kabisa. Mti unarefuka. Mbuzi wake ananiuliza habari za afya. Sina neno, namjibu, na mgongo unaniuma tangu Machi. Mti unarefuka. Kisimani kuna kikombe cha dhahabu ambacho mtawala alikiweka hadharani na hakuna aliyethubutu kukiiba. Kimechoka kukaa. Kinanitazama kwa matumaini, kinaona mti wangu, kinakata tamaa.

"Mama Nakijwa hajambo?" kinauliza.

Huyo ni mke wangu. "Hajambo, yupo nyumbani," nikasema.

Mti ukanipita kichwa. Mke wangu yupo kwa mama yake, mwezi wa pili sasa.

"Tumefika, mzee," mti ukasema, na ulisikitika kweli.

Hapo hapo kisima kikawa wodi ya wanawake ya hospitali moja ninayoijua kwa nje tu. Kitandani, juu ya mto, yamekaa masharubu. Mtawala mwenyewe alikufa zamani, ila masharubu hayakupewa taarifa, yakaendelea kutawala. Kofia yangu ilikuwa imesikia kuwa huko wasiovua hupigiliwa kofia kichwani kwa misumari, ikajivua yenyewe na kuingia mfukoni.

"Wanauza vikombe vya chai vyenye sura yangu," masharubu yakalalamika kwanza. "Na wanasema nilinyonya damu. Mimi! Nilikuwa katili, sikatai, lakini katili wa kawaida."

"Pole sana, mtukufu."

"Mti, umerefuka?"

"Hapana, mtukufu. Amekuonea huruma kweli."

Masharubu yakafurahi, yakajisokota. "Vizuri. Sasa, mama mkwe wako alilala kitanda hiki siku tisa. Mke wako alikuwa semina Dodoma, akakuomba uje kumwona mama yake. Ulikuja?"

Jibu nilikuwa nalo, nimelitumia miezi miwili hadi limelainika: nilikwenda, nikamkuta amelala, sikutaka kumwamsha. Mti ukasogea nyuma yangu. Niliuogopa, lakini zaidi niliona aibu kukitazama kile kitanda.

"Sikuja," nikasema. "Nilikuwa naangalia mpira. Na tulifungwa tatu bila."

Wodi nzima ikapiga vigelegele. Mbuzi akaja na jibini. Mti ukafupika, ukafupika, ukawa njiti ya kuchokolea meno, unacheka kwa kisauti chembamba. Nacheza na kandambili zangu juu ya vitanda, nesi anacheza, masharubu yanacheza, upande wa kushoto kwanza, kisha wa kulia. Sijawahi kuwa mwepesi hivyo.

"Kwa hiyo nimesamehewa?" nikauliza nikihema.

"Na nani? Mimi si mkeo wala mama mkwe wako," masharubu yakasema bila kuacha kucheza. "Kesi imeahirishwa. Ondoka na mti wako."

Nikaamka jua limeshaingia hadi kitandani, na simu inaita. Mama Nakijwa.

"Baba Nakijwa, za huko?"

"Nzuri," nikasema.

Kitu kikanichoma kwenye makalio. Nikaruka. Juu ya shuka palikuwa na njiti moja, mbichi, inanukia msonobari, na nyumba nzima hatuna njiti za aina hiyo. Nilipoiokota ilikuwa inakaribia urefu wa kidole.

"Mbona umenyamaza?"

"Si nzuri," nikasema haraka. "Mambo ni mabaya. Mama Nakijwa, kule hospitali sikwenda. Sikufika hata getini."

Nikasikia mtu mwingine akikohoa karibu na simu, kikohozi cha mtu mzima aliyetoka kuugua.

"Nimeweka sauti kubwa," mke wangu akasema. "Mama yupo hapa. Mwambie mwenyewe."

Nikaishika ile njiti kwa mikono miwili, nikamwamkia mama mkwe, nikamwambia.