Tuliliombea

Profesa Mugisha hakuwa mtu wa kupaza sauti, lakini siku ile maneno yake yalitoka Kampala yakafika Juba bado ya moto.

"Nyabo Kevina, sura ya nne ya tasnifu yako nimeisoma, nikairudia. Haina kitu."

Kevina alikuwa amesimama nje ya geti la chuo, mtaa wa Hai Malakal, mkoba begani, bodaboda zikimpita na vumbi lao. "Haina kitu vipi, Profesa? Nimewahoji walimu wangu wote."

"Umewahoji, na wote wamekuambia mambo ni shwari. Nani atamwambia mkuu wake ukweli huku simu inarekodi? Wewe ulisema utachunguza uongozi wako mwenyewe, ukiwa ndani ya kazi. Mbona kwenye kurasa hizi wewe humo? Niletee sura nyingine muhula huu. Usipoleta, kamati itakutoa kwenye programu, na mimi sitakuwa na neno la kukutetea."

Simu ikakatika. Kevina akabaki ameishika sikioni kama mtu anayengoja salamu za kuagana.

Nafasi ile ya kusomea shahada ya uzamivu hakuiokota njiani. Alikuja Juba akiwa mama wa watoto wawili, akauza vitenge sokoni, na stashahada yake aliisoma jioni katika chuo hiki hiki, akisinzia kwenye dawati la nyuma. Akaenda akarudi na digrii, kisha nyingine, akafundisha, na mwisho akapewa programu nzima ya jioni aiongoze. Wanafunzi wake walikuwa watu kama yeye: madereva, wauza duka, wauguzi wanaotoka zamu. Akishinda, angekuwa wa kwanza kutoka dawati lile kuitwa daktari. Akishindwa, wangejua wote.

Jioni hiyo alivuka daraja kurudi kwake Gumbo akiomba juu ya bodaboda, midomo ikicheza, hata dereva akamuuliza kama anaongea na simu. Nyumbani alisikiliza tena mahojiano yake. Hii hapa sauti ya Wasswa, mwalimu wa uhasibu, Mganda mwenzake: "Madam, mimi iko sawa kabisa. Mafi mushkila." Nyaduoth, anayefundisha malezi ya watoto: "Mafi mushkila, Mwalimu, tunamshukuru Mungu." Na Sahro, dada wa Kisomali kutoka Garissa, mwalimu wa kompyuta, ambaye hata hakuongeza shukrani: "Mafi mushkila." Hakuna shida. Kwa Kiarabu cha Juba neno hilo hufungua mlango, na hufunga pia.

Alipiga magoti. "Baba, nionyeshe nisichokiona." Alikaa pale hadi miguu ikafa ganzi. Hakuona maono yoyote, ila wazo moja dogo lilimjia, rahisi mpaka akalionea haya: mkuu haachi kuwa mkuu kwa kuongea taratibu. Lakini anaweza kuhama kiti.

Kesho yake alimfuata Sahro kwenye chumba cha kompyuta. Alimchagua yeye kwa sababu jibu lake lilikuwa fupi kuliko yote. Akaweka simu mezani, akabonyeza kurekodi, kisha akaisukuma upande wa Sahro.

"Leo wewe ndiye mtafiti. Niulize mimi."

Sahro akacheka. "Madam, kweli? Nikuulize nini?"

"Lolote kuhusu ninavyoongoza."

"Na ukikasirika?"

"Nitakasirika nikifika nyumbani."

Sahro aliweka mtandio wake vizuri, akaangalia simu, akaangalia mlango. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeuliza bei ya sukari:

"Masomo yalikuwa yanaanza saa kumi na mbili na nusu. Sasa yanaanza saa kumi na mbili kamili. Hiyo iliamuliwa kwenye kikao gani?"

Kevina hakuhitaji kufikiri. "Ah, hilo tuliliombea."

"Lini?"

"Jumatatu moja hivi. Nyaduoth aliwaombea wanafunzi wa Gumbo wafike nyumbani mapema, barabara si nzuri. Sote tukaguswa."

"Na kubadilisha zamu za mitihani?"

"Hilo nalo tuliliombea, tukaona..." Kevina akasita.

"Na darasa langu kuhamia chumba cha nyuma?"

Kevina alifungua mdomo, na neno lile lile lilikuwa limesimama mlangoni tayari. Akalimeza.

"Mnapoomba, Madam, mimi nakuwa wapi?"

Alikuwa anajua. Walimu Wakristo walikusanyika kila jioni kabla ya vipindi, wakashikana mikono katika duara. Saa ile ile Sahro alikuwa chumba cha pili akiswali Magharibi. Hakuna aliyemfukuza. Kila mtu alikuwa na Mungu wake na amani yake, na Kevina alikuwa akiwasimulia wageni jambo hilo kwa fahari.

"Mimi habari za chuo huambiwa na wanafunzi," Sahro akasema. "Ile wiki mlipobadilisha saa, nilimaliza kuswali nikakuta darasa limejaa, wananicheka: Mwalimu umechelewa! Tangu hapo nachelewa kila siku, na wewe mwenyewe umeshaniandikia onyo. Mimi sina neno na maombi yenu, wallahi. Lakini kwenu, mkishasema amina, kikao kimekwisha."

"Kwa nini hukuniambia nilipokuhoji?"

"Ulikuwa umekaa kwenye kiti chako."

Kevina hakungoja kukasirika nyumbani. Alitaka kukasirika pale pale. Alitaka kusema kwamba maombi si siasa. Badala yake akasema, "Asante, mwanangu," akachukua simu, akatoka, na katika ua akasimama akilitazama tangi la maji kama hajawahi kuliona.

Usiku alijisikiliza. Sauti yake mwenyewe, yenye furaha, haina wasiwasi: tuliliombea, tuliliombea. Akakumbuka zile jioni. Mtu anaomba, wote wanasema amina, halafu kabla mikono haijaachana, sauti moja inasema, "Basi, kesho tufanye hivyo." Sauti hiyo haikuwa ya Nyaduoth wala ya Wasswa. Mungu hakuwahi kupanga ratiba ya chuo kile. Alikuwa ameipanga yeye, kisha akatia sahihi kwa jina la Mungu.

Alilia kidogo. Kisha akafungua kompyuta, akaifuta sura ya nne, akaanza upya na neno hilo moja: tuliliombea.

Wasswa alipoambiwa alishika kichwa. "Madam! Sasa unapeleka maombi Kampala? Wazee wenye degree wacheke Yesu?"

"Maombi yenu sitayagusa. Mliyomwambia Mungu ni yenu. Nitaandika maneno yangu mimi, yale ninayosema baada ya amina."

"Watasema wewe ni mlokole ameshindwa kazi."

"Waseme. Wakisema uongo nitajibu. Wakisema kweli nitarekebisha."

"Eh, banange. Huyu mama ananitisha." Lakini alikuwa anatabasamu, na baadaye alisema yeye pia alikuwa akijiuliza kwa nini Sahro haongei vikaoni. "Mimi nilidhani ni mpole tu."

Nyaduoth alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo mimi niliomba watu wafike nyumbani salama, na mwenzangu akapata onyo." Akainuka, akaenda chumba cha kompyuta. Kevina hakumfuata. Aliwasikia tu wakicheka huko ndani, jambo ambalo hakuwahi kulisikia kabla.

Kuanzia wiki ile, walimu wote walikutana saa kumi na moja, Sahro akishatoka dukani kwa mjomba wake Mahad. Mambo ya chuo yakasemwa hapo, yakabishaniwa hapo, mara nyingine kwa kelele, na kilichoamuliwa kiliamuliwa kabla mtu yeyote hajafumba macho. Onyo la Sahro lilifutwa mbele ya wote. Masomo yaliendelea kuanza mapema kwa ajili ya watu wa Gumbo, ila Sahro akapewa kipindi cha pili, na Kevina mwenyewe akachukua cha kwanza. Ndipo walipoomba, kila mmoja mahali pake. Kevina aliona maombi hayakupungua. Yalipata nafasi ya kuwa maombi.

Profesa Mugisha alipoipokea sura mpya hakupiga simu. Alituma ujumbe mfupi: "Sasa umo. Jiandae kutetea."

Siku ya kutetea tasnifu kwa video mbele ya jopo la Kampala, chuo kilimpa chumba cha kompyuta, kwa sababu ndicho chenye umeme wa uhakika. Sahro aliunganisha mtandao, akapima sauti, akataka kutoka. Jopo lilikuwa limeruhusu wasikilizaji, kwa hiyo Kevina akamvutia kiti. Wasswa na Nyaduoth walikaa nyuma yao, wakiwa wamevaa kama wanaenda harusini.

Mtahini wa nje, mama mmoja mwenye miwani myembamba, aliuliza maswali mengi, na Kevina akayajibu. Kisha akaegemea mbele.

"Bi Kevina, unakiri kwamba kwa miaka hukuona jambo lililokuwa mbele ya macho yako. Kwa nini tuamini kwamba sasa unaona?"

Nyuma ya Kevina, Wasswa alikohoa kwa niaba ya wote.

Kevina alishangaa kwamba haogopi. "Msiniamini mimi peke yangu," alisema. "Sura ya tano ina kurasa za mwenzangu Sahro. Aliandika alivyoona yeye, na mimi sikubadilisha hata nukta. Kuna mahali hakubaliani nami. Anasema bado nina haraka ya kufunga mjadala. Nilitamani sana kuuondoa mstari huo. Nimeuacha kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nikiuona nitakumbuka kungoja."

Mtahini aliandika kitu, akiwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua alikuwa amevua miwani. "Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta," akasema.

Waliambiwa wasubiri jopo lishauriane. Kisha picha za jopo zikarudi kwenye skrini, na Profesa Mugisha, ambaye hakuwa mtu wa kupaza sauti, akapaza sauti:

"Hongera, Daktari Kevina!"

Nyaduoth akapiga kigelegele kilichowatoa wanafunzi madarasani. Wasswa aliruka, akagonga meza, kikombe kikaanguka. Sahro alimkumbatia Kevina kwa nguvu mpaka mitandio yao ikachanganyika. "Mama, umetuheshimisha," akamwambia sikioni, na Kevina, aliyezoea kuitwa Madam na mtu huyu, akamkumbatia tena.

Alitaka kukaa, kulia, kumpigia bintiye Angella kule Gurei. Lakini kipindi cha kwanza kilikuwa chake na saa ilikuwa imefika. Alijifuta uso, akavuka ua, akaingia darasani. Wote walisimama. Chan, mzee anayeuza mkaa mchana na ambaye mwaka huu ameanza kujifunza uongozi wa shule, aliinua mkono.

"Daktari, pole kwa swali. Goti langu linauma wiki nzima. Unaweza kuliangalia?"

Darasa likaangua kicheko, na Kevina akacheka kuliko wote. "Baba Chan, goti mpelekee daktari mwingine. Mimi ni wa vyuo. Sasa kaa, tusome. Na mwakani sitaki kusikia kwamba umeishia hapo ulipo."

"Niendelee mpaka wapi, kwa umri huu?"

"Mpaka hapa niliposimama," Daktari Kevina akasema, akachukua chaki.