Binti Mayala Yarudi Mwaloni

Binti Mayala haikuwa meli ya kutisha mtu. Ilikuwa ya mbao, yenye injini moja inayokohoa, na vijana wa bandarini Mwanza waliiita boti. Akida, nahodha wake, aliiita meli, na asiyetaka alikuwa huru kushuka. Iliundwa na baba mkwe wake, marehemu Mzee Mayala, kwenye mwalo wa Nyakasenge, ufuko wa wavuvi ndani ya Ghuba ya Nungwe, mwaka ule ule Akida alipomwoa Justa, binti wa mzee huyo. Jina la meli lilitoka hapo.

Asubuhi hiyo ya Januari walikuwa njiani kwenda Nkome. Walibeba karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, mali ya Ngassa, mchimbaji wa Kharumwa ambaye hakuiacha mashine yake hata kwenda msalani. Walipopita kisiwa cha mwisho wakagonga mwamba uliojificha chini ya maji. Akida akashuka chini na kurunzi, akakuta mbao mbili za ubavuni zimeachana na maji yanaingia kama yamealikwa.

"Nkome tutafika?" Ngassa akauliza.

"Nkome upepo unatupiga usoni. Sisi labda tutafika, meli haifiki."

Bandari salama ilikuwa moja tu karibu, nayo ni Nyakasenge. Vilima viliikinga, mchanga wake ulikuwa laini wa kupandishia meli, na mafundi wa mbao walikuwapo. Akida angeweza kuingia huko amefumba macho. Lakini hakuwa ametia mguu huko tangu Justa alipofariki.

Justa alifia Mwanza, ghafla, alfajiri. Alikuwa amesilimu, na ndugu wa Akida wakamzika siku ile ile alasiri, kama ilivyo kwao. Kwa mama yake, Paskazia, maiti humngoja mama. Mama huyo alikuwa kwenye kivuko cha Busisi, na kikapu cha nguo za kumvisha mwanawe, simu ilipopigwa kwamba wameshazika. Akageuza akarudi kwake, na kaburi hakuliona. Akida hakuwa amevunja sheria yoyote, ila uso wa kumtazama mama yule aliukosa. Kila mwaka alisema mwakani nitakwenda, na mwakani haikufika.

"Nahodha, mbona huzungushi usukani?" Ngassa aliuliza. Maji yalikuwa yamefika vifundoni.

Akida akazungusha.

Ghuba ikafunguka vile vile kama zamani. Pale kwenye jiwe jeupe ndipo Justa alipokuwa akifua, akijifanya hamwoni yule kijana wa Kiswahili, Akida mwenyewe, aliyekuja kuagiza mtumbwi na kukaa mwezi mzima kuusubiri. Pale ndipo nyundo ya Mzee Mayala ilipolia kutwa, na harufu ya mbao mbichi ikashika hadi kwenye ugali. Miaka ile Akida alikuwa na furaha na hakujua kwamba ndiyo yenyewe. Machozi yakamlenga, akausingizia moshi wa injini.

Bujiku, fundi aliyefunzwa na Mayala, aliwakusanya watu wakaivuta meli mchangani. Mbao zilizoachana zikang'olewa, mpya zikapigwa. Kisha kazi ikasimama.

"Mbao tunazo," Bujiku alisema. "Pamba ya kuziba nyufa ndiyo hatuna. Ya mwaka jana imeuzwa yote, ya mwaka huu bado majani matupu shambani. Na maduka ya mjini Kalangalala yana magodoro ya sponji tu."

Ngassa akajitolea kutoa sponji ya godoro lake. Bujiku akamtazama kwa huruma.

"Nenda kwa mayu, mama mkweo," akamwambia Akida. "Akikosa yeye, meli hii itapasukia hapa hapa kwa jua."

Akida alimchukua Ngassa, kwa sababu Usukumani mkwe na mama mkwe hawatazamani, na maneno yao, ukiacha salamu, hupitia kwa mtu wa tatu. Paskazia alikuwa ameketi mlangoni. Alipowaona akageuka, akawapa mgongo.

"Shikamoo, mama," Akida alisema.

"Marahaba," akauambia ukuta. "Baba, mwulize mwenzako anataka nini."

"Anataka pamba, mama," Ngassa akajibu. "Meli imepasuka."

"Meli nimeiona. Mwulize mwanangu walimlaza wapi."

Ngassa akamgeukia Akida, aliyekuwa karibu kabisa na amesikia kila neno, akarudia yote kwa uaminifu.

"Mwambie ni chini ya mwarobaini, upande wa ziwa. Dada zangu walimwosha kwa mikono yao. Mwambie nilipaswa kumngoja. Siku ile nilitakiwa kusema, nikakaa kimya, na mpaka leo najuta."

Ngassa akafungua kinywa arudie.

"Nimesikia," Paskazia alisema.

Akaingia ndani, akakawia. Alitoka na godoro dogo la pamba, maua ya kitambaa chake yamefifia, lile alilolalia Justa tangu utotoni hadi siku ya kuolewa. Mama alilijaza mwenyewe kwa pamba ya shamba lao. Akachukua kisu akapasua mshono bila kumngoja mtu.

"Mwambie achukue. Hakuna tena wa kulilalia."

Akida aliisokota pamba ile kwa mikono yake, akaipaka mafuta, akaigongea kwenye nyufa. Kabla ya kuanza aliinusa, akitumaini. Ilinuka vumbi la zamani tu.

Lori likaja kuchukua karasha, Ngassa akaondoka nalo. Siku meli iliposukumwa majini na ikakaa kavu ndani, Akida akageuka aende kuaga. Paskazia alikuwa amesimama mchangani na kikapu chake. Bujiku na wenzake walikuwa kiunoni majini nyuma ya meli, na hapo karibu hapakuwa na mtu wa kupitishia maneno. Paskazia akaitazama meli.

"Binti Mayala," akasema, "mwambie nahodha wako nataka kufika Mwanza."

Akida aliinamisha macho.

"Binti Mayala, mwambie mama apande. Safari hii tunamngoja."

Akapanda, akakaa mbele, amempa mkwewe mgongo, kikapu mapajani. Akida hakuwasha injini mpaka alipoona ameketi vizuri.