Pindo la Gauni la Kasuku

Mama alikuwa amefumua nusu ya pindo la gauni la shule ili alirefushe, pale wembe ulipogusa kitu kigumu. Alidhani ni kifungo. Akavuta uzi mmoja zaidi, na kidonge cheupe kikaanguka juu ya meza ya cherehani, kikabingirika hadi kwenye mkasi.

Hakupiga kelele. Kazi ya ushonaji ilikuwa imemzoesha kuangalia kwanza. Akaligeuza gauni ndani nje, akalisogeza dirishani. Mshono aliokuwa akiufumua ulikuwa wa mkono, umenyooka, hauonekani kwa nje. Ulikuwa mzuri kabisa, ila haukuwa wake.

Gauni lile lilikuwa limepitia mengi. Dawa ya kwanza ya kumtuliza ilimnenepesha binti yake, mama akalipanua ubavuni. Ya pili ikamkata hamu ya kula, akalipunguza. Ukiliweka kwenye mwanga uliona matundu ya sindano ya kila safari. Hii ya tatu ndiyo iliyowapa raha. Mtoto waliyemwita Kasuku kwa maneno yake mengi, aliyeweza kucheka asubuhi, kuvunja sahani mchana na kulia chini ya meza hadi jioni, akatulia. Akaanza kusema "asante" na "samahani" kama mgeni. Baba yake, fundi bomba, akawa anarudi nyumbani akipiga mluzi.

"Kasuku wetu kaishiwa betri," alitania siku moja. Mama alicheka, kisha akageuka kumtazama mtoto, asijue kwa nini.

Halafu vurugu zikarudi. Wiki iliyopita Kasuku alirusha pasi, ikapasua kioo cha kabati. Kesho walikuwa na miadi kliniki, na daktari alikwishasema kwenye simu kwamba inaelekea dozi haimtoshi, ataiongeza.

Mama akaendelea kufumua. Vidonge vikatoka kimoja kimoja, kila kimoja na kijifuko chake cha uzi.

Mlango ukafunguka. Kasuku aliingia na mkoba mgongoni, akaiona meza, akasimama.

"Nani kakufundisha kushona hivi?" mama aliuliza. Si hilo alilotaka kuuliza, lakini ndilo lililotoka.

"Wewe."

"Mbona kila asubuhi nakuona unameza?"

"Namezaga maji tu."

"Mwanangu, kesho wangekuongezea dawa bure! Ungeanza kuzimeza ghafla ingekuwaje?"

Kasuku akakaa kwenye kiti cha wateja. Akavua kiatu kimoja, cha pili akakiacha mguuni.

"Utanipiga?"

"Nasikiliza."

"Nikivimeza, kuna mtu anakuja kukaa mahali pangu. Ana sauti yangu. Ana adabu. Mimi nakuwa huko nyuma, namsikia anavyoongea na nyinyi." Akaokota kipande cha uzi, akakizungusha kidoleni. "Na nyinyi mnampenda. Baba akimwona anapiga mluzi."

Mama akafungua mdomo aseme si kweli. Alizikumbuka zile wiki za utulivu, usingizi alioupata, na jioni zile alipokuwa akimsuka nywele yule mtoto mpole. Kwenye kioo macho yalikuwa yakimtazama kama ya mtu aliyefungiwa chumba cha ndani. Aliyaona. Akaendelea kusuka.

"Nilimpenda," alisema. "Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Lakini kila siku nilikuwa nakutafuta usoni kwake."

"Sasa mbona hukuniita?"

Mama alichukua simu, akampigia muuguzi wa kliniki, akamweleza yote. Muuguzi akamwelekeza la kufanya.

"Leo msimpe kitu. Kesho njooni naye mapema, mlete na vidonge vyote. Na usimkaripie, dada. Mwache amwambie daktari mwenyewe. Huenda dozi ilimzidi toka mwanzo, huenda dawa yenyewe si yake. Bado tunatafuta."

"Daktari ataniona nina wazimu," Kasuku alisema simu ilipokatwa.

"Mwenye wazimu hashoni pindo namna hii. Mimi wateja wangu wakiliona, sina kazi."

Kasuku akacheka, kicheko chake kile cha zamani, kikavu, cha kukwaruza. Mama alikifurahia, na papo hapo akatupa jicho kuona pasi iko wapi.

Nje, mluzi ukasikika getini.

Kasuku akavaa kiatu, akakaa wima, akaweka mikono mapajani. Mlango ulipofunguliwa, alisema kwa sauti laini, "Shikamoo, baba. Pole na kazi."

"Marahaba! Mwanangu mzuri huyo," baba alisema, akapita kwenda kunawa.

Mama alimtazama mtoto. Leo hakuwa amemeza kidonge. Wala jana.

Akachomeka sindano kwenye pindo lililo wazi, akalikunja gauni bila kupima urefu. Vidonge akavifunga kwenye kitambaa, tayari kwa kesho. Kisha akainama karibu na sikio la binti yake.

"Kasuku," aliita polepole. Akasubiri. "Kasuku."